KONA YA LUGHA: Mama, Mtoto na Mbeleko katika Sentensi ya Kiingereza

Kama kawaida yetu, tunaomba ukurasa huu usomwe kwa sauti, ili bibi anayechambua maharage asikie, na kijana anayeosha vyombo naye asikie.

Mwezi huu tunaingia kwenye somo ambalo wanafunzi wengi wa Kiingereza hulikimbia: kishazi huru na kishazi tegemezi. Msishtushwe na majina. Jambo lenyewe tunalitumia kila siku kwa Kiswahili bila kulijua jina.

Kwa nini tumelichagua? Kwa sababu hapa kambini mambo yetu mengi hupitia kwenye karatasi, na karatasi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tulisomea Kifaransa. Kiingereza tumekikuta ukubwani, kwenye ubao wa matangazo, kwenye barua na kwenye fomu. Basi mtu husoma nusu ya sentensi, akafurahi kwamba ameelewa, kumbe neno lenye uzito lilikuwa kwenye nusu ya pili.

Tazameni tangazo hili. Tumelitunga wenyewe kwa ajili ya somo, msije mkaenda kulitafuta ubaoni:

"Families will not receive soap unless they bring the card."

Mtu anayejua Kiingereza kidogo atasoma "Families will not receive soap" kisha arudi nyumbani akinung'unika: jamani, mwezi huu hakuna sabuni! Kumbe sabuni ipo. Tangazo linasema familia hazitapata sabuni zisipoleta kadi. Ukileta kadi, unapata. Aliyesoma nusu amekosa sabuni, na kadi anayo mfukoni.

Kwa hiyo shabaha yetu leo ni moja tu: kujua sentensi ya Kiingereza imekamilika wapi, na ni sharti gani limefungwa kwake.

KISHAZI NI NINI?

Kishazi ni kikundi cha maneno chenye mtenda na kitenzi. "The rain fell", mvua ilinyesha, ni kishazi. "My mother cooks beans", mama yangu hupika maharage, ni kishazi pia. Lakini "in the morning", asubuhi, au "near the big tree", karibu na mti mkubwa, si kishazi, maana hakuna anayetenda wala kinachotendwa.

Vishazi ni vya aina mbili. Kishazi huru husimama chenyewe. Ukikisema peke yake, msikilizaji ameridhika. Kishazi tegemezi hakisimami chenyewe, lazima kiegemee kingine.

Ili tukumbuke vizuri, tuchukue mama na mtoto wa mgongoni. Mama ni kishazi huru: anaweza kutembea peke yake mpaka bombani akarudi. Mtoto wa mgongoni ni kishazi tegemezi: anakwenda anakokwenda mama. Na kile kitenge kinachomfunga mtoto mgongoni, yaani mbeleko, ni lile neno dogo linaloanza kishazi tegemezi. Kwa Kiingereza mbeleko zinazotumika sana ni hizi: because, although, if, unless, when, after, before, until, who, where.

Sasa angalieni jinsi mbeleko inavyofanya kazi. "The rain fell" ni sentensi kamili. Tuifunge mbeleko: "Because the rain fell". Kwa sababu mvua ilinyesha... Enhe, ikawaje? Si mnaona? Maneno ni yaleyale, tumeongeza neno moja tu mbele, na sentensi iliyokuwa imesimama sasa inatafuta mgongo. Tuitafutie mama: "Because the rain fell, we stayed at home." Kwa sababu mvua ilinyesha, tulikaa nyumbani. Hapo imetulia.

Na hicho ndicho kipimo cha nyumbani. Mwambie jirani yako maneno hayo peke yake. Jirani akikuuliza "Enhe?", umemsomea kishazi tegemezi. Akinyamaza au akijibu "Sawa", umemsomea kishazi huru.

MBELEKO IKO WAPI?

Hapa ndipo sisi wasema Kiswahili tunapokwama. Kiswahili mara nyingi huficha mbeleko ndani ya kitenzi. Kiingereza huiweka nje, mbele ya kishazi. Linganisheni:

Ukija: "If you come."
Usipokuja: "Unless you come", au "If you do not come."
Ulipokuja: "When you came."
Mama aliyekuja: "The mother who came."
Mahali tulipolala: "The place where we slept."

Kwa Kiswahili, -ki-, -sipo-, -po- na -ye- zimo tumboni mwa kitenzi. Sikio letu limezoea kusubiri kitenzi. Kitenzi cha Kiingereza hakituambii kitu: "come" ni "come" tu, iwe kwenye kishazi huru au kwenye kishazi tegemezi. Kwa hiyo unaposoma Kiingereza usikimbilie kitenzi. Angalia kwanza neno linaloanza kishazi. Humo ndimo sharti lilimo.

Sasa tuzipitie mbeleko zinazotusumbua zaidi, moja baada ya nyingine.

"IF" NA "WHEN"

Kiswahili husema "Mume wangu akija, tutahamia nyumba nyingine." Hiyo -ki- ina maana mbili. Huenda mama ana hakika mumewe anakuja, anangoja siku tu. Huenda pia hajui kama atakuja. Msikilizaji wa Kiswahili huelewa kwa sauti na kwa kuijua familia. Kiingereza hakimwachii msomaji abahatishe. "When my husband comes" maana yake atakuja, tunangoja siku. "If my husband comes" maana yake sijui kama atakuja.

Wapendwa, hilo si jambo dogo kwa familia zilizotengana njiani. Mama ambaye hana habari za mumewe tangu siku ya kukimbia, akiandika "when" kwenye barua ya kueleza hali ya familia yake, msomaji ataelewa kwamba baba anajulikana alipo na yuko njiani. Andika unachokijua. Kama hujui, neno lako ni "if".

Waliosoma Kifaransa wana msaada hapa: "if" ni "si", na "when" ni "quand". Lakini Kifaransa hichohicho kina mtego. Kwa Kifaransa, baada ya "quand" tunaweka kitenzi cha wakati ujao. Kiingereza kinakataa. Usiandike "When I will finish school". Andika "When I finish school, I will help my parents." Ile "will" inakaa kwa mama, haikai kwa mtoto. Ni hivyohivyo baada ya "if", "unless" na "until" tunapozungumzia siku zijazo.

"UNLESS" NA "UNTIL"

"Unless" ni -sipo- yetu. "Do not go unless you are called": usiende usipoitwa. Angalizo: "unless" tayari ina ukanushi ndani yake. Ukiandika "unless you are not called" umekanusha mara mbili, na maana imegeuka juu chini.

"Until" ni "mpaka". "The child cannot travel until the doctor signs the paper." Anayesoma nusu atasikia mtoto hawezi kusafiri, na nyumba nzima italala bila raha. Soma mpaka mwisho: mtoto hawezi kusafiri mpaka daktari atie sahihi. Mlango haujafungwa, unangoja sahihi. Kwa hiyo ukiona "cannot" au "will not", usikate tamaa kabla hujaangalia kama nyuma yake kuna "unless" au "until".

"ALTHOUGH" HAITAKI "BUT"

Kiswahili chetu cha kila siku husema "Ingawa shule iko mbali, lakini watoto wanafika." Hakuna anayeshangaa. Kiingereza hakikubali mbeleko na kiunganishi "but" katika sentensi hiyo moja. Chagua kimoja. Ama "Although the school is far, the children arrive on time." Ama "The school is far, but the children arrive on time." Katika ya pili hakuna mtoto wa mgongoni: ni mama wawili wanaotembea pamoja, na "but" imewashikanisha mikono. Viunganishi vya kushikanisha mama kwa mama ni "and", "but", "or" na "so".

Ndivyo ilivyo kwa "because" na "so". Usiandike "Because he was sick, so he stayed." Moja inatosha.

NUKTA NA MKATO

Kosa la kwanza la nukta ni kumshusha mtoto mgongoni na kumwacha njiani. "We left Baraka. Because the war reached our street." Sentensi ya pili ni mtoto aliyeachwa peke yake. Warudishe pamoja: "We left Baraka because the war reached our street." Tuliondoka Baraka kwa sababu vita vilifika mtaani kwetu.

Mkato je? Kanuni ya kuanzia ni nyepesi. Kishazi tegemezi kikitangulia, weka mkato kabla ya mama: "When the rain stops, we will go." Mama akitangulia, kwa kawaida mkato hauhitajiki: "We will go when the rain stops."

Kosa la pili linatoka kwenye -ka- yetu tamu ya kusimulia. "Tukapanda mtumbwi, tukavuka ziwa, tukafika usiku." Kiswahili kinafurahia mikato hiyo. Ukiipeleka ilivyo, "We got into a boat, we crossed the lake, we arrived at night", mwalimu wa Kiingereza atapiga mstari mwekundu. Mama watatu wamegongana bila kushikana mikono. Andika "We got into a boat, crossed the lake and arrived at night." Au weka nukta kila mwisho wa kishazi.

Lakini -ka- ina jambo zito zaidi ya alama za uandishi. "Askari wakaja, tukaondoka." Mswahili akisikia hivyo anaelewa mara moja kwamba tuliondoka kwa sababu ya askari. Kiingereza kikiandikwa "The soldiers came. We left", msomaji anaona matukio mawili yaliyofuatana, basi. Ukiandika "After the soldiers came, we left", umemwambia lipi lilitangulia, hujamwambia sababu. Kama askari ndio sababu, neno lenyewe ni "because": "We left because the soldiers came." Saa ni "after", chanzo ni "because". Anayesimulia maisha yake asimwachie msomaji wa mbali kazi ya kuunganisha.

Hapa tuseme jambo moja ili tusiwatie watu hofu. Hakuna anayetakiwa kueleza habari za kukimbia kwake kwa Kiingereza cha kubabaisha. Katika mahojiano, omba mkalimani wa lugha unayoielewa vizuri, na kabla ya kutia sahihi omba usomewe yaliyoandikwa. Yakisomwa, sikiliza hizo mbeleko. Kama ulisema "kwa sababu" na karatasi inasema "baada ya", omba isahihishwe hapohapo, kwa heshima na bila woga.

"WHO" NA MIKATO MIWILI

Mbeleko "who" mara nyingi hubeba mtoto katikati ya sentensi. Someni hizi mbili polepole:

"My children who are in Uganda need help."
"My children, who are in Uganda, need help."

Tofauti ni mikato miwili tu. Ya kwanza, isiyo na mikato, inachagua: wale watoto wangu walioko Uganda. Msomaji ataelewa kwamba wapo wengine walioko mahali pengine. Ya pili inasema watoto wangu, na wote wako Uganda, wanahitaji msaada. Mzazi mwenye watoto wawili Uganda na mmoja hapa kambini akitumia ya pili, yule mmoja ametoweka kwenye karatasi. Afadhali uandike wazi, hata kama ni sentensi mbili: "I have three children. Two are in Uganda and one is here with me." Vishazi huru vifupi si aibu. Mara nyingi ndivyo vinavyosema kweli bila utata.

SENTENSI ZINAZOTUHUSU SISI

Sasa tuitumie elimu hii kwenye maandishi makubwa. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu hali ya wakimbizi, uliopitishwa Geneva tarehe 28 Julai mwaka huo, una sentensi ndefu zinazochosha macho. Lakini ukizigawa kwa mama na mtoto, zinafunguka.

Kifungu cha 33 kinasema nchi yoyote iliyojiunga na mkataba haitamfukuza wala kumrudisha mkimbizi kwenye mipaka ya maeneo fulani. Maeneo yapi? Hapo inakuja mbeleko: "where his life or freedom would be threatened", ambako maisha yake au uhuru wake ungekuwa hatarini. Mbele kidogo sentensi inataja sababu za hatari hiyo, kama vile kabila na rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mama anatoa katazo, mtoto anataja mahali. Anayetaka kuelewa ulinzi huo ni wa nini lazima asome kishazi kinachoanza na "where".

Kifungu cha 28 kinasema nchi zitawapa wakimbizi wanaokaa kwao kihalali hati za kusafiria. Ukiishia hapo utafurahi sana. Lakini sentensi haijaisha, kuna "unless": isipokuwa sababu nzito za usalama wa taifa au utulivu wa umma zikidai vinginevyo. Kwa hiyo "unless" inaweza kukupa sabuni uliyodhani imekosekana, na inaweza kupunguza ahadi uliyodhani haina mipaka. Isome pande zote mbili.

Tena, masharti si lazima yawe kishazi kamili. Tafsiri ya neno mkimbizi katika mkataba huo wa 1951 ilikuwa na maneno yaliyoifunga kwenye matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951. Maneno machache tu! Lakini kama yangebaki, vita vilivyotufukuza sisi visingehesabiwa. Itifaki ya mwaka 1967 iliyaondoa. Hivyo ndivyo maneno machache yaliyoegemea sentensi yanavyoweza kuwaingiza au kuwatoa watu.

Mwisho, tazameni Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1969. Kifungu cha 5 kinazungumzia kurudi nyumbani. Sentensi yake ya kwanza ina vishazi viwili. Cha kwanza kinasema hiari ya kurudi itaheshimiwa katika hali zote. Cha pili ni hiki: "no refugee shall be repatriated against his will", hakuna mkimbizi atakayerudishwa kwao bila ridhaa yake. Vimeunganishwa kwa "and". Tafuteni mbeleko: hakuna "if", hakuna "unless", hakuna "until". Ni mama wawili wameshikana mikono, na mgongoni hakuna kitu. Anayejua vishazi anaiona nguvu ya sentensi hiyo bila kuambiwa na mtu.

HATUA NNE ZA KUSOMA TANGAZO

1. Soma mpaka kwenye nukta. Usisimame njiani hata kama umeelewa nusu.
2. Pigia mstari kila mbeleko: if, unless, until, when, because, although, who, where.
3. Funika kwa kidole kishazi kinachofuata mbeleko. Kinachobaki na kinachosimama chenyewe ndicho mama. Yeye anasema jambo lenyewe.
4. Ondoa kidole, jiulize: mtoto anaongeza nini? Sababu? Muda? Sharti? Mtu gani? Mahali gani?

Ukifika hatua ya nne na bado una wasiwasi, mwulize kiongozi wa kijiji, mwalimu, au mtoto wako anayesoma Kiingereza. Kuuliza si ujinga. Na wazazi wasiojua Kiingereza kabisa, nanyi mna kazi: mwambie mtoto akusomee sentensi zake, kisha akutafsirie. Kila asipomalizia, mwulize "Enhe?" Neno hilo moja ni mwalimu mzuri wa vishazi.

MAZOEZI YA FAMILIA

Tafuteni mama, mtoto na mbeleko katika sentensi hizi. Msichungulie majibu!

1. "Although the market is far, my aunt walks there every day."
2. "Boil the water before you drink it."
3. "The woman who sells fish has two sons."
4. "The clinic is open, but the doctor is not there."
5. "Nobody should sign a paper unless he understands it."

MAJIBU

1. Mbeleko ni "although". Mama ni "my aunt walks there every day". Mtoto ametangulia, ndiyo maana kuna mkato.
2. Mbeleko ni "before". Mama ni "Boil the water". Hii ni amri, na katika amri mtenda "you" hatajwi lakini yupo.
3. Mbeleko ni "who". Mtoto, "who sells fish", yuko katikati. Ukimfunika kwa kidole, mama anabaki: "The woman has two sons." Waliojibu kwamba anayeuza ni wale wana wawili warudie hatua ya tatu.
4. Hakuna mtoto. Ni vishazi huru viwili vilivyoshikanishwa na "but". Tuliwategea!
5. Mbeleko ni "unless". Mtu asitie sahihi karatasi asipoielewa. Hii tunaomba mwikariri nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo.

Mwezi ujao tutazungumzia mbeleko isiyoonekana, kama katika "the card you lost", kadi uliyoipoteza, ambapo Kiingereza kimemfunga mtoto bila kitenge. Hadi hapo, kateni ukurasa huu mwubandike ukutani karibu na taa, na mjirani wasiopata nakala waazimeni.